Kuomba msaada si kushindwa

Leo niwe mkweli. Jumanne nilitoka tao usiku, nikapanda 46 hadi Kawangware, jam yote hiyo. Kufika tu, mtoto wangu wa miaka mitatu akamwaga uji kitandani. Nikainua mkono. Akajikunja kabla hata sijamgusa. Hapo ndipo niliumia: kumbe ameshazoea.

Nikambishia jirani. Akamchukua mtoto bila maswali, akaniambia, "Kaa nje kwanza, upumue." Kesho yake nikapiga 116, laini ya Childline Kenya. Ni bure, usiku na mchana, na hata mzazi anasikizwa.

Mkono mmoja haulei mwana, tunaambiwa kila siku. Mimi nilikuwa naona aibu kuitisha wa pili. Je, wewe ukichoka unambishia nani?