Ndege Ulaya

Sisi tukaao Tabora tumeizoea njia ya misafara na miembe yake mikubwa. Mwaka 1857 Burton na Speke walitoka pwani, wakatumia zaidi ya miezi minne hata kufika Kazeh, ndiyo Tabora yetu, mizigo ikiwa juu ya mabega ya wapagazi. Kisha mwezi wa Februari 1920 ilishuka hapa eropleni kubwa, Vickers Vimy, iliyotoka Uingereza kwa njia ya Cairo, ikitaka kufika Cape Town. Ilipojaribu kuruka tena ilianguka ikavunjika, na safari yake ikaishia papa hapa, waliokuwamo walisalimika. Wazee walikiita chombo cha namna hiyo ndege Ulaya.

Jina hilo nataka tulitazame vizuri. Mtoto akiambiwa kwamba kitu ni cha Ulaya, hukiangalia kikipita juu, kisha huinama akaendelea kulima. Haulizi kimeungwaje.

Mwaka 2019 vijana 20 wa Afrika Kusini, wavulana na wasichana wa asili mbalimbali, waliunga ndege ndogo ya watu wanne, iitwayo Sling 4, kwa muda wa wiki tatu. Kazi hiyo hukadiriwa kuwa saa 3,000 za mtu mmoja. Vipande vilitoka kiwandani, maelfu kwa maelfu; mafundi wa kiwanda waliwasimamia, na injini iliwekwa na wenye ujuzi. Wako watakaosema kwamba basi vijana hawakuunda kitu. Mimi sikubali. Mshonaji hafumi kitambaa, lakini kanzu ni kazi yake.

Fikiri habari ya ribiti, vile vipini vidogo vishikavyo mabati ya bawa. Ikikaa upande hainyoshwi kwa nyundo. Hutobolewa kwa keekee, ikatolewa, ikatiwa nyingine. Fundi aweza kuyafanya hayo mara moja. Lakini fundi aliye mwalimu humpa kijana keekee, naye akafunga mikono nyuma. Hapo ndipo penye taabu, na kila mwalimu ajua jinsi mkono uwashavyo kuitwaa kalamu ya mtoto ili hesabu iishe upesi.

Mwezi wa Juni ndege ile iliondoka Cape Town, ikirushwa na wale miongoni mwao waliopata cheti cha urubani, ikifuatana na ndege ya pili yenye marubani wazoefu. Ilitua Namibia, Malawi, hata Unguja, na baada ya wiki tatu ikafika Cairo.

Nilipowasimulia wanafunzi wangu, niliuliza ni nani angekubali kupanda ndege iliyoungwa na wenzake wa darasani. Wengi walicheka. Msichana mmoja aketiye nyuma hakucheka, aliuliza, “Mwalimu, hiyo ribiti yashikaje?”

Shuleni ipo keekee moja ya mkono. Jumamosi ile alitoboa bati la debe mpaka jioni, na nusu ya matundu yalikaa upande.