Kufika na Kupita

Alhamisi moja, katika darasa la kidato cha kwanza la shule tunayofundisha huko Kawempe, tuliandika ubaoni sentensi ambayo tumekuwa tukiiandika kwa miaka mingi: "Pundamilia hula nyasi." Lengo letu lilikuwa kuonyesha kiambishi hu-, kisichotaja nafsi wala wakati maalumu, bali hueleza jambo lililo desturi. Msichana mmoja wa dawati la mbele, asiyekuwa na mazoea ya kusema darasani, akainua mkono akauliza: "Mwalimu, uliwaona wapi wakila?"

Darasa likacheka. Nasi tukacheka, kisha tukajibu kwamba jambo hilo linajulikana. Jibu hilo halikumridhisha, na kusema kweli halikuturidhisha hata sisi wenyewe. Atumiaye hu- anadai kwamba amelishuhudia jambo mara nyingi hata hahitaji tena kutaja siku. Sisi tulikuwa hatujamwona pundamilia hata mmoja. Mnyama mkubwa kuliko wote tuwaonao kila siku pale Kawempe, ukiacha ng'ombe wanaopelekwa machinjioni, ni kalooli, yule ndege mrefu mwenye kipara anayepekua taka kandokando ya Barabara ya Bombo.

Yafaa tuseme hapa kwamba "sisi" wa insha hii ni mtu mmoja. Mwanachuo anajua kuwa mwandishi huweza kujitaja kwa wingi bila kuwa na mwenzake, na matumizi hayo ni sahihi. Tunalitaja mapema kwa sababu baadaye lilituletea matata.

Katika ukurasa wa mwisho wa daftari letu la maandalio kuna orodha tuliyoianza mwaka wetu wa kwanza kazini. Uganda ina hifadhi za taifa kumi: Murchison, Queen Elizabeth, Kidepo, Kibale, Bwindi, Mgahinga, Rwenzori, Semuliki, Mlima Elgon na Mburo. (Wengi huziita zote mbuga. Lakini mbuga ni tambarare ya nyasi, na atakayeuita msitu wa Kibale mbuga atakuwa hajawahi kuuona.) Tuliazimia kuzifikia zote kabla ya kustaafu, na mbele ya majina matatu tulikuwa tumekwisha kutia alama: Murchison, Queen Elizabeth na Kibale. Pundamilia hawako katika hizo tatu. Wako Kidepo, ambako ni mbali mno kwa safari ya siku mbili, na wako Mburo.

Wenzetu wawili waliahidi kuchangia mafuta, wakajitoa Ijumaa jioni. Tukaondoka peke yetu Jumamosi alfajiri kwa gari la shemeji yetu, tukashika baipasi ya Kaskazini kutoka Bwaise hadi Busega kabla foleni haijaanza, kisha barabara ya Masaka. Safari hiyo wengi wanaijua: ngoma zilizopangwa kando ya barabara pale Mpambire, alama ya Ikweta pale Kayabwe, na Lukaya, ambako wachuuzi hulizunguka gari na mishikaki na gonja za kuchoma kabla halijasimama. Baada ya Lyantonde nchi hubadilika. Migomba hupungua, migunga huongezeka, na ng'ombe wa Ankole wenye pembe ndefu huonekana wakitembea kwa utulivu kama wenye nchi.

Tulipoiacha lami na kushika njia ya vumbi iendayo kwenye lango, kabla ya kufika langoni, tuliona kundi la ng'ombe malishoni, na katikati ya ng'ombe hao, pundamilia. Walikuwa saba. Kijana aliyewachunga ng'ombe alikaa juu ya kichuguu akiitazama simu yake, wala hakuwajali. Tulizima injini. Pundamilia walikuwa wameinamisha vichwa, na sauti ya nyasi zikikatwa kwa meno ilifika hadi dirishani. Tulikaa muda mrefu, bila kukumbuka kupiga picha.

Basi swali la mwanafunzi lilikuwa limekwisha kujibiwa nje ya hifadhi, bila kulipa hata shilingi. Mshahara wa mwalimu unajulikana, na kiingilio hulipwa kwa saa 24. Tungeweza kugeuza gari. Lakini orodha ilikuwa na jina la Mburo, si la malisho ya jirani. Tukalipa, tukaingia.

Yafaa tueleze pia kwa nini wanyama hao na ng'ombe wamezoeana hivyo. Mburo ilipotangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1983, familia nyingi za wafugaji ziliondolewa. Miaka miwili baadaye serikali ya Obote ikaangushwa, nao wakarudi katika ardhi yao, na hatimaye sehemu kubwa ya hifadhi ikakatwa na kuachiwa watu. Mpaka uliobaki uko katika ramani. Pundamilia hausomi, na pengine hata mchungaji haukubali kwa moyo wote.

Ndani tuliona viboko, nyati, na twiga ambao jamii yao ililetwa kutoka Murchison mwaka 2015. Lakini waliotushika zaidi ni swala pala. Mji wetu unaitwa kwa jina lao: akasozi k'empala kwa Kiganda, yaani kilima cha swala pala. Tazama ule upatanisho: ka- ya akasozi ndiyo inayozaa k' ya umilikaji, kama vile ki- ya kilima izaavyo cha. Kilima chenyewe kikaachwa, upatanisho ukabaki umeshikamana na jina la mnyama, ndipo tukapata Kampala. Tumeishi humo tangu utotoni. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza, tulimwona mwenye jina.

Saa tisa alasiri mvua ikanyesha, na kwa kiburi cha dereva asiye na mtu wa kumwonya, tulijaribu kupita mahali palipojaa tope. Gari likazama hadi kwenye mhimili. Kushuka hakuruhusiwi, kwa hiyo tulingoja. Baada ya muda likatokea gari la askari wa wanyamapori. Mmoja akaja dirishani.

"Mwalimu," alisema alipokwisha kujua kazi yetu, "wewe iko na watu ngapi?"

"Tuko peke yetu," tukajibu.

Akachungulia kiti cha nyuma. "Sasa hao wengine iko wapi?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Kama wengine walikuwa wameshuka na kupotea vichakani, ingekuwa kazi yake kuwatafuta. Tukasema upesi, "Niko peke yangu," akacheka, wenzake wawili wakaleta kamba.

Walipokuwa wakivuta, mdomo wetu uliwasha. Watu wangapi, si watu ngapi, uko, si iko, wako wapi. Miaka kumi na minne ya kalamu nyekundu haitulii kwa urahisi. Lakini watu hao watatu walikuwa wakiamrishana kwa Kiswahili: vuta, acha, ongeza, simama. Mmoja alitoka Arua, wa pili Moroto, wa tatu Kasese, na hakuna aliyeijua lugha ya mama ya mwenzake. Katiba ya Uganda ilirekebishwa mwaka 2005 ili Kiswahili kiwe lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaagiza kifundishwe shuleni kwa lazima. Askari wale hawakungoja agizo. Wanafunzi wetu hupatanisha ngeli vizuri katika mtihani, na wakitoka mlangoni hawasemi neno. Hatukusahihisha kitu. Tulishukuru, nasi tukaenda kulala katika nyumba ya wageni pale Sanga tukiwa na tope hadi magotini.

Usiku huo tulifungua daftari ili kutia alama ya nne, kalamu ikasita. Murchison tulipelekwa tukiwa wanafunzi, tukasimama juu ya maporomoko mahali Mto Nili unapojibana katika mwanya wa mita chache, tukalowa nguo. Huko tulifika. Queen Elizabeth je? Tulikuwa katika basi la usiku liendalo Kasese, nalo barabara yake hukata hifadhi na kuvuka Mkondo wa Kazinga pale Katunguru. Tulikuwa tumelala. Alama ile tuliitia kesho yake kwa kuangalia ramani. Na Kibale tulipita mchana tukielekea Kamwenge kwenye maziko. Gurudumu likapasuka msituni, tukashuka, tukasikia nyani wakipiga kelele juu ya miti kwa muda wa nusu saa.

Jumatatu tuliliweka jambo hilo mbele ya darasa. Tuliandika ubaoni vitenzi viwili, fika na pita, tukaeleza safari zote nne, kisha tukawaachia wapange. Kuhusu Queen Elizabeth hawakuwa na huruma. "Alilala," walisema, na alama ikafutwa. Kibale ikawagawa.

"Alishuka," alisema mvulana mmoja. "Basi alifika."

"Hakulipa," akajibu yule msichana wa dawati la mbele.

"Hata wale pundamilia aliwaona bila kulipa."

"Lakini Mburo aliingia."

Akaja ubaoni bila kuitwa, akaandika: "Zimebaki nane." Mvulana akamfuata, akafuta neno la mwisho kwa kiganja, akaandika "saba." Msichana akairudisha nane. Walikuwa bado wanafutana kengele ilipolia, na hakuna hata mmoja kati yao aliyeigusa zi-.