Barua kutoka Ughaibuni: Mteremko wa Theluji na Waya wa Shume

Uwanja mdogo wa kuteleza kwenye theluji, wa aina inayopatikana katika vijiji vingi vya Austria, ni mteremko mmoja au miwili tu ya malisho. Majira ya joto ng'ombe hula majani hapo; majira ya baridi wenye mashamba huwaachia watelezaji. Kuna lifti, kibanda cha tiketi, duka la kukodisha vifaa, shule ya watoto na mgahawa wa supu na chai.

Bila lifti hakuna uwanja. Katika viwanja vidogo aghalabu ni ya kuburura: waya mnene huzunguka kati ya magurudumu mawili, la chini na la juu, na kwenye waya huning'inia fimbo zenye umbo la T. Mtelezaji huegemeza fimbo nyuma ya makalio akabaki amesimama. Akijaribu kuikalia kama kigoda huanguka, na foleni nzima humsubiri. Lifti ya kuburura iliyobuniwa na mhandisi Ernst Constam ilianza kazi Davos, Uswisi, mwaka 1934.

Milima ya Usambara, Tanzania, iliujua waya mapema zaidi. Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, kampuni ya Wilkins na Wiese ilipasua mitarakwa ya Shume na kuiteremsha kwa njia ya waya ya takriban kilomita 9 hadi stesheni ya Mkumbara, kwenye reli itokayo Tanga. Mtambo ule ulikuwa wa Adolf Bleichert & Co. ya Leipzig, kampuni iyo hiyo iliyojenga njia ya waya ya abiria ya mlima Zugspitze, upande wa Austria, iliyofunguliwa mwaka 1926. Shume waya uliteremsha mali. Kwenye milima ya Alpi unapandisha watu ili washuke wenyewe, kisha wapande tena, na hayo yote kwa kulipia; mzee wa Magoma aliyemaliza ujana wake kwenye mkonge angeuliza mshahara uko wapi.

Dukani mgeni huulizwa umri, urefu na uzito, na soli ya kiatu chake hupimwa. Kwa hesabu hiyo fundi hukaza kwa bisibisi kishikizo kinachofunga kiatu kwenye ski, yaani ubao wa kutelezea. Kikilegea, ski huchomoka njiani bila sababu. Kikikazwa mno, mtu akianguka ski hung'ang'ania na mguu ndio unaovunjika. Si mahali pa kuona haya kutaja kilo.

Shuleni watoto hupandishwa kwa mkanda unaotambaa ardhini. Lakini si wote huanzia shuleni: Sabrina Simader, mzaliwa wa Kilifi aliyepelekwa Austria akiwa mdogo, alifundishwa kuteleza na baba yake wa kambo, aliyekuwa na lifti, na mwaka 2018 akaiwakilisha Kenya kwenye Olimpiki ya Pyeongchang.

Shida kubwa ni theluji yenyewe. Viwanja vidogo vingi haviko juu kuliko Lushoto mjini, yaani karibu mita 1,400, na baridi ya kimo hicho haina uhakika tena. Ndiyo maana huchimbwa bwawa, na mizinga hupuliza matone ya maji hewani yagande kabla ya kutua. Mizinga hiyo nayo hutaka baridi ya nyuzi mbili au tatu chini ya sifuri, tena hewa kavu. Usiku mtambo wa minyororo husawazisha mteremko. Joto likizidi, mizinga huzimwa na kibanda cha tiketi hakifunguliwi.