Hedaru: Iacheni Mashine Ifuate Ardhi

Nimerudi SUA salama, bumu bado halijaingia, ila stori ninazo.

Likizo nilikuwa nyumbani Hedaru, wilaya ya Same. Waliopita barabara ya Dar kwenda Moshi wanapajua: milima ya Upare upande mmoja, tambarare kavu upande wa pili. Sasa hiyo tambarare ukiiangalia toka ndani ya basi inakudanganya. Mvua ikipiga juu mlimani, maji yanashuka kwa kasi na kuchimba makorongo. Ongeza vichuguu na mawe, ndipo trekta inatakiwa ifyeke majani humo.

Baba mdogo ana mkonge. Mkonge wa mistari miwili miwili unaacha njia ya mita 4, na trekta inapita humo na mashine ya kufyekea ya upana wa mita 1.5. Dereva wa kukodi alikuja ameikaza topu linki mpaka mwisho. Mantiki yake ilikuwa kwamba kitu kinachocheza kinavunjika. Lakini mashine ikikazwa hivyo inakuwa kipande cha trekta. Matairi ya mbele yakizama kwenye mfereji, nyuma ya mashine inanyanyuka na mbele inakwangua udongo. Yakipanda tuta, gurudumu dogo la nyuma linakandamizwa na mbele majani yanabaki marefu.

Msidhani ni suala la urembo. Piga hesabu: kisu cha mita 1.5 kikizunguka mara 800 kwa dakika, ncha yake inakwenda zaidi ya kilomita 220 kwa saa. Siku ile kiligonga jiwe, likatoboa dumu la maji hatua kama thelathini pembeni. Njia hiyo hiyo ndiyo wanayopita watoto na mbuzi wao. Tukanyamaza wote.

Halafu kuna udongo. Ukikwanguliwa ukabaki mtupu, vuli inaubeba, na pale palipokwanguliwa panaanza korongo jipya.

Jirani mmoja mzee, aliyeendesha trekta miaka mingi, akaja kuangalia. Shikamoo. "Marahaba wanangu. Mbona mmeifunga kama mbuzi wa mnadani? Iacheni itembee."

Basi bwana, trekta ikapelekwa mahali tambarare, injini ikazimwa, funguo ikatolewa, magogo yakawekwa chini ya mashine. Kwanza kulia na kushoto vikasawazishwa kwa mkono wa kunyanyulia wenye kishikio cha kuzungusha. Pili gurudumu la nyuma likapangwa ili visu vikate kama sentimita 10 kutoka chini, mbele ikiwa chini kuliko nyuma kwa sentimita 1 au 2. Tatu, na hapa ndipo penyewe, topu linki ikatolewa, ukawekwa mnyororo uliolegea kidogo. Sasa nyuma ya mashine inapanda na kushuka yenyewe kwa gurudumu lake, haingoji trekta iinamie wapi. Nne, pini za mikono ya kunyanyulia zikahamishwa toka tundu la duara kwenda tundu refu, mashine ilalie kidogo kulia au kushoto.

Mzee akaonya: mnyororo usilegee kupita kiasi, nyuma ikiruka sana shafti ya PTO inapinda vibaya. Na kabla ya kuinua mashine juu kabisa, zima kwanza PTO.

Jioni yake njia ilikuwa na majani mafupi yaliyolingana, hakuna kipara hata kwenye matuta. Ila mnyororo hauondoi mawe. Hayo tuliyaokota kwa mikono kabla ya kuwasha, na watoto wakapitishwa njia nyingine mpaka kazi iishe.

Darasani tunachora hii mikono mitatu kwa rula, mistari imenyooka safi. Hedaru hakuna mstari ulionyooka, kwa hiyo anayejua kazi ni yule anayejua pa kukaza na pa kulegeza.

Niishie hapa wadau, kesho nina pindi saa moja asubuhi. Wenye mashamba ya makorongo, kabla ya kumlipa dereva wa kukodi, kaangalieni topu linki yake.