Karatasi Moja ya Karanga: Mtoko wa Sinema Kasulu

Haya msomaji wangu, tuseme ukweli: mara ya mwisho wewe na mpenzi wako mmeangalia filamu moja, kwenye skrini moja, mkitafuna kitu kimoja, ilikuwa lini? Mimi nilipojiuliza nilikosa jibu. Mume wangu yuko Kibondo kikazi, mimi niko Dar, na simu zetu za usiku zilikuwa zimebaki za ada, kodi ya nyumba na "umekula?" Nikaomba likizo ya wiki moja, nikafunga safari.

Alinipokea Kasulu, mji aliokulia, chini kidogo ya kilomita 100 kutoka Kigoma mjini. Ukienda, beba sweta. Huku ni milimani kwa Waha, na jioni baridi haina utani. Siku ya kwanza tuliongea kama abiria wawili waliokutana stendi. Siku ya pili akaniambia, "Jiandae, leo nakupeleka sinema."

Nikajipodoa, nikavaa na viatu vya kisigino. Kumbe ni banda la video! Kuta za mbao, paa la bati, mabenchi yasiyo na pa kuegemea, na spika kubwa kuliko televisheni yenyewe. Ndivyo vile vibanda umiza tunavyovijua wote. Humo kizazi chake kilimjua Rambo na Van Damme, kikaangalia na kanda zilizotafsiriwa kwa Kiswahili, kazi iliyompa umaarufu Captain Derek Mukandala, yule tuliyemwita Lufufu. Siku hizi filamu ziko kwenye simu, na vibanda vingi vinaishi kwa mpira.

Ila utamu ulikuwa mlangoni. Mama mmoja ana karai la karanga za moto, kijana ana kashata, pipi za kijiti na bigijii, na pembeni mahindi yanageuzwa juu ya mkaa. Bisi zimefungwa kwenye vimfuko, bado za vuguvugu.

Usidhani huo ni ushamba. Hata Marekani, wenye majumba ya sinema mwanzoni walizikataa bisi kwa kuwa zinachafua mazulia na kupiga kelele. Wauzaji walisimama nje, kama huyu mama wa Kasulu. Maisha yalipokuwa magumu miaka ya 1930, wenye majumba wakagundua kwamba faida iko kwenye bisi, wakaziingiza ndani. Leo Dar ukitoka na mwenzako, kila mtu ana boksi lake, kikombe chake, na katikati yenu kuna mkono wa kiti.

Mume wangu alinunua karatasi moja tu ya karanga. Nikamwambia, "Baba, chukua mbili." Akacheka. "Hapa wanakula wawili."

Filamu haijafika mbali, umeme ukakatika. Hakuna aliyenyanyuka. Giza totoro, watu wanatafuna na kutaniana, na sisi mikono inagongana ndani ya ile karatasi. Ndipo akaanza kuongea. Kwamba utotoni hela yake ilitosha kiingilio au karanga, si vyote, kwa hiyo yeye na rafiki yake waliunganisha hela, mmoja analipa mlangoni, mwingine ananunua. Kisha akanyamaza kidogo. "Kule Kibondo nakula peke yangu kila siku, mama. Nimechoka." Miezi yote ile ya simu hakuwahi kunitamkia hivyo. Wala mimi sikuwahi kumuuliza.

Kesho yake tukaenda pamoja Kibondo, mwendo wa kilomita kama 150. Njiani akanionyesha upande ziliko kambi za wakimbizi. Miaka ya 2000 shirika la FilmAid, lililoanza mwaka 1999 kwa wakimbizi wa Kosovo, lilileta sinema za usiku kwenye kambi za huku. Nikawaza, kumbe hata aliyepoteza nyumba anahitaji jioni ya kukaa na wenzake, macho yote mbele. Usiku ule tuliweka kompyuta yake juu ya stuli barazani. Filamu moja, sahani moja ya karanga, na mezani asali ya Kibondo ya kurudi nayo Dar.

Nawe ukipata nafasi ya kufika huko, fanya hivi:

- Nunua karanga mlangoni kabla hujaingia, zikiwa za moto.
- Nunueni karatasi moja, si mbili.
- Simu ziingie kwenye mkoba.
- Umeme ukikatika, msiondoke.

Nilipofika Dar nikaikuta ile karatasi kwenye mkoba wangu. Ilikuwa imechanwa kwenye daftari la hesabu la mwanafunzi, na mwalimu ameandika kwa kalamu nyekundu: "Ongeza bidii." Nimeibandika kwenye friji. Na ombi la uhamisho la mume wangu tumeliandika wote wawili.