Abaya za Idi na Namba Zinazotupiga Chenga

Wadau, kuna dada mmoja maarufu hapa Dar, jina nakaa nalo, msinifuate inbox. Sura mnaijua, kwenye TV alionekana sana, siku hizi anauza abaya. Kabla ya Ramadhani alimlipa jamaa anayejiita mtaalamu wa mitandao amtafutie maneno ambayo wateja wanaandika Google. Jamaa akaja na orodha yake: "abaya za Idi" linatafutwa mara chache sana kwa mwezi, hilo neno limekufa, pesa yote ya matangazo weka kwenye "magauni ya sherehe". Dada wa watu akatii. Wiki mbili kabla ya sikukuu mji mzima unasaka abaya, tangazo lake linamletea watu wanaotaka gauni la sendofu. Mzigo ukabaki stoo.

Nikisimulia hii, wengi wanasema hivi vifaa vya kutafutia maneno ni uongo mtupu. Mimi nabisha. Namba inaweza kuwa sahihi kabisa na bado ikakupoteza, kwa sababu wewe umeuliza hiki, yenyewe inajibu kile.

Chukua Keyword Planner ya Google, ambayo ilitengenezwa kwa ajili ya watu wanaolipia matangazo. Ile namba inayokutokea mbele ni wastani, kwa kawaida wa miezi 12. Sasa tupige hesabu ya darasa la nne. Tuseme neno linatafutwa mara 12,000 mwezi mmoja, halafu miezi 11 iliyobaki hakuna anayeligusa. Wastani unakuja 1,000. Yaani hakuna hata mwezi mmoja ambao lilitafutwa mara 1,000! Na kama akaunti yako haina matumizi ya maana kwenye matangazo, hata huo wastani hupewi kamili. Unaambiwa ni kati ya 100 na 1,000. Hapo utajua uagize abaya ngapi kweli? Humo humo ndani kuna grafu ya mwezi kwa mwezi. Ndiyo ya kufungua kwanza, kabla hujaliita neno maiti.

Google Trends nayo ina tabia yake. Haikuhesabii watu. Inachukua siku ambazo neno lilipamba moto zaidi kwenye kipindi na nchi uliyochagua, inazipa 100, zingine zote zinapimwa kwa hizo. Kwa hiyo 50 maana yake ni nusu ya ule moto, wala siyo watu 50. Na ukikuta 0 usiseme hakuna anayetafuta, inawezekana ni data haitoshi tu. Maneno yetu ya Kiswahili hilo linayakuta sana. Ila kukuonyesha joto linapanda lini na kushuka lini, hapo Trends inasaidia.

Sasa kwenye Idi kuna mtego mwingine, kalenda. Ramadhani inafuata mwezi wa angani, kila mwaka inarudi nyuma siku 10 au 11. Mwaka 2024 Idi el-Fitri ilikuwa Aprili 10. Mwaka 2025 ikawa mwisho wa Machi. Mwaka 2026 Ramadhani yenyewe ikaanza Februari. Mtu akikuwekea Aprili ya mwaka huu kando ya Aprili ya 2024 akakwambia soko limeshuka, mwambie akae chini. Soko halijashuka, sikukuu ndiyo imehama mwezi. Ukitaka kulinganisha vizuri, hesabu kurudi nyuma kutoka siku ya Idi: zimebaki siku 30, zimebaki 20, zimebaki 10. Krismasi haina shida hiyo, kila mwaka ni Desemba 25.

Utajuaje kifaa chako kinasema kweli? Mimi napima kwa Search Console, ambayo ni bure kwa mwenye tovuti na inatunza miezi 16 ya kwako mwenyewe. Natafuta neno ambalo ukurasa wangu ulikaa juu msimu mzima, naangalia ulionekana mara ngapi kila wiki, halafu naweka kando ya kile kifaa kilichosema. Namba haziwezi kufanana, na wala sihangaiki. Ninachotaka ni umbo: vyote viwili vimepanda wiki moja? Vimeshuka pamoja? Kama ndiyo, kwenye suala la muda nakiamini. Kwenye idadi bado namuuliza muuzaji, mwaka jana alitoa pisi ngapi.

Na tusisahau, hizi ni namba za Google tu. Binti anayetafuta abaya TikTok au Instagram humo hayumo.

Kwa hiyo mdau, mtu akikuletea namba moja ya mwezi kwa biashara ya msimu, kabla hujatoa hela muulize maswali mawili tu: huu ni wastani wa miezi mingapi, na kilele chake kiko wiki gani? Akibabaika, hela yako irudishe mfukoni.

Wenye maduka, hebu semeni hapo chini: kwenu wateja wa Idi wanaanza kuulizia zikiwa zimebaki siku ngapi?