Usidanganywe na rangi ya ua

Ikiwa unaishi Nairobi au viungani mwake, na watoto wamechoshwa na runinga kila Jumapili, hebu panda nao matatu ya nambari 111 mpaka Ngong. Mvua ya masika ikishanyesha, ile milima mnayoiona kwa mbali hujaa maua ambayo hakuna mtu aliyeyapanda. Waulize majina yake. Huenda wakakutajia waridi, kisha wakanyamaza. Pengine nawe pia.

Dawa ni kubeba kitabu cha mwongozo. Viwili vinajulikana sana nchini. Cha Sir Michael Blundell, mwanasiasa wa enzi za ukoloni, kilichotolewa na Collins mwaka wa 1987, kina picha nyingi za rangi. Kile cha Agnew, Upland Kenya Wild Flowers, kilichotoka mara ya kwanza mwaka wa 1974, kina michoro ya wino na maelezo yanayokuongoza hatua kwa hatua. Mwanzoni utakipenda cha Blundell, kama wanavyokipenda wengi. Ukishazoea, utaona kwamba kile cha Agnew ndicho mwalimu mkali anayefundisha kweli.

Shida ya picha ni kwamba mtu hukimbilia rangi. Chukua mfano wa mmea ambao Wakikuyu huuita mukengeria, ule wanaowalisha sungura. Wataalamu huuita Commelina. Ua ulilozoea ni la samawati. Lakini upo ndugu yake, Commelina africana, ambaye ua lake ni la manjano! Anayepekua kitabu akitafuta samawati peke yake hatawahi kujua kwamba hao wawili ni jamaa.

Basi tazama umbo. Hesabu petali: ziko 3, mbili kubwa na ya tatu ndogo iliyojificha chini. Inasimuliwa kwamba Carl Linnaeus, mwanasayansi wa Uswidi, aliupa mmea huu jina la akina Commelin wa Uholanzi kwa sababu hiyo hiyo. Wawili walisifika kwa elimu ya mimea, naye wa tatu akafariki kabla ya kufanya lolote la kutajika. Mtoto akisikia kisa hicho, hasahau tena.

Baada ya petali, papasa shina. Likiwa na pembe nne, na majani yamekaa mawili mawili yakitazamana, anza na kurasa za ukoo wa mnanaa. Huenda umepata Leonotis, yenye maua ya rangi ya chungwa yaliyozunguka shina ghorofa juu ya ghorofa. Na kishonanguo, kile kinachonasa kwenye soksi? Hicho ni jamaa wa alizeti. Unachokiita ua moja ni kundi la maua madogo madogo yaliyobanana.

Kuna lingine ambalo mzazi anafaa kulijua kabla ya yote. Gloriosa superba ina petali 6 nyekundu na manjano, zilizopinda kuelekea juu kama ndimi za moto, na ncha za majani yake hujikunja ili zishike mimea jirani. Inapendeza mno, lakini ina sumu, hasa kwenye kiazi chake, ambacho kimewahi kuua watu waliodhani ni chakula. Mtoto alitambue hata bila ua, kwa zile ncha za majani.

Msichume kitu. Chora, au piga picha kwa simu: ua kwa mbele, ua kwa nyuma, jani na shina. Programu za simu zinazokisia majina husaidia, ila nyingine hukisia kwa ujasiri kuliko ujuzi, kwa hivyo hakikisha kitabuni.

Vitabu hivi ni vya Kiingereza na Kilatini. Mkienda mashambani, mwonyesheni nyanya zile picha, na jina atakalolitaja mliandike pembeni mwa ukurasa kwa kalamu ya risasi.

Tembeeni kwa kikundi, na mfike mapema. Ua la mukengeria hufunguka asubuhi, na kufikia adhuhuri limeshanyauka.